Tatu wa Gari la Sinema

Ole, Pemba
14 Machi 1958

Kwa kaka yangu Shaame,

Assalaam aleikum. Namuomba Mungu barua hii ikukute Korogwe kabla hujapanda gari lako na kupotelea huko bara. Huku tupo. Mama goti linamsumbua kila mvua ikinyesha, na kila nikimwambia akae kitako ananiambia goti ni lake. Muhogo wa bondeni umeshika vizuri. Karafuu mwaka huu hazina dalili, majamvi yamekunjwa yapo darini, na nyumba haina ile harufu yake. Mjomba Mjaka amenunua baiskeli. Kila asubuhi anaikokota kwa mkono mpaka Wete na kurudi nayo, kwa sababu hajajua kuipanda na anaona haya kuiacha nyumbani.

Sasa nikwambie lililonishikisha kalamu. Gari la sinema limekuja Ole. Si lako wewe, ni la huku kwetu. Walitundika kitambaa cheupe kwenye uwanja wa skuli, na baada ya Isha wakaonyesha picha yetu, ile ya kisima.

Wewe ulikuwepo siku bwana wa picha aliponichagua mie kati ya watoto tuliokuwa tukichota maji, na ukambebea masanduku yake mpaka ukaondoka naye. Lakini mie mwenyewe nilikuwa sijaiona tangu utoto, nikadhani nimeisahau. Upepo ulikuwa ukivuma kidogo, kitambaa kikawa kinapumua, na uso wangu ukapumua nacho. Nilimwona Tatu akikimbilia kisimani. Alikunywa yale maji machafu kwa viganja, akicheka. Kisha akaumwa, akafa, akavikwa sanda, na watu wakaambiwa wachemshe maji. Nilikuwa nimekaa mkekani kati ya wanawake, na bi mmoja pembeni yangu alilia mpaka akanishika mkono, asijue anamshika nani.

Tangu siku hiyo hakuna anayeniita Mwatima. Watoto wananifuata njiani na kunigusa nguo, Tatu, Tatu. Mama hakwenda kutazama. Alisema anachagua mchele. Mchele wenyewe tulikuwa hatuna.

Kaka, baada ya ile nilicheza nyingine mbili, ya skuli na ya meno, na walipoondoka walisema watarudi. Hebu niulizie. Waambie nimekuwa mkubwa lakini bado nakumbuka kila nilichofundishwa. Bwana wa picha akiinua mkono, watu wote wanasimama kimya, hata upepo unakuwa kama umeambiwa, na mie peke yangu ndiye ninayetembea. Sijapata tena kuwa vile. Usiku naota natembea hivyo, na mbele yangu hakuna kitu ila weupe.

Mdogo wako,
Mwatima


Handeni
2 Juni 1958

Mdogo wangu Mwatima,

Waaleikum salaam. Siwezi kukuita Tatu. Jina hilo nalitaja kila jioni kwenye kipaza sauti mpaka ulimi umelizoea kama dua.

Nashukuru kwa habari za nyumbani. Goti la Mama mlikande kwa maji ya moto na chumvi, na mwambieni Mjomba Mjaka baiskeli haiumi. Huku mvua zilikuwa nyingi, gari lilikwama mara kwa mara, na kila linapokwama tunapata marafiki wapya wa kulisukuma.

Unajua picha zetu hazina sauti, wala maandishi yake watu hawayajui. Kwa hiyo mimi nasimama kando ya mashine na kusimulia: huyu ni Tatu, hapa ni kwao, tazameni anakwenda wapi. Juzi, kijiji kimoja mbele ya Handeni, tulipomaliza alinijia bibi mmoja mzee sana.

Akaniuliza, "Yule mtoto ni wa nani?"

Nikamwambia, "Ni mdogo wangu, bibi. Baba mmoja, mama mmoja."

"Pole sana, baba."

"Hakufa, bibi. Ile ni picha tu. Yuko Pemba, anapalilia muhogo."

Akanitazama kwa huruma, akanipigapiga mkono. "Na mimi wa kwangu nilikuwa nikisema hivyo hivyo," akasema. Akafungua pindo la kanga, akanipa mayai nimpelekee Mama, ya rambirambi. Mayai tuliyala mimi na dereva. Tusameheni.

Nimelala nikikufikiria. Wewe uko Ole na jembe lako, na huku kuna vijiji vingi ambavyo umekwisha kuliliwa.

Msalimie Mama. Mwambie nitakuja, nitakuja.

Kaka yako,
Shaame


Ole
20 Septemba 1958

Kaka Shaame,

Salamu nyingi kutoka kwa wote, hata kwa baiskeli, ambayo sasa Mjomba anaipanda ikiwa kwenye mteremko.

Mayai Mama amesema hakuyahitaji, lakini angependa kujua huyo bibi jina lake nani. Halafu akasema nikuulize: unakula nini huko, na nani anakupikia? Ameuliza mara ya pili na ya tatu, kwa hiyo usiliruke swali hili kama ulivyoliruka langu. Nilikuuliza kuhusu watu wa picha, ukanijibu kuhusu matope.

Nina habari. Nimeposwa. Ni Abrahman, yule karani wa gati ya Wete, mwenye sauti ya taratibu. Alikuja mwenyewe na wazee wake, mama yake akanitazama meno na miguu kwa adabu, akaridhika. Arusi labda baada ya mavuno yajayo. Mama ana furaha, ingawa anakusubiri wewe. Unajua binti wa shangazi bado yupo, na Mama hajamtoa moyoni kwa ajili yako.

Nilimwambia Abrahman kwamba pengine watu wa picha watarudi kunitaka. Alicheka, akasema akitaka kuniona mimi hahitaji umeme. Nami nikacheka. Lakini niulizie.

Mwatima


Korogwe
18 Disemba 1958

Mdogo wangu,

Mabruki! Nimeisoma barua yako nimesimama posta, karani akaniuliza kuna nini, nikamwambia mdogo wangu anaolewa, naye akanipa mkono.

Mwambie Mama nakula vizuri. Kuna mahali karibu na stesheni wanapika wali na maharage ya nazi, hata kwa samli. Basi asiwe na wasiwasi. Na binti wa shangazi asimzuie mtu mwingine kumposa.

Swali lako nimelichelewesha kwa kuwa nilijua jibu lake. Nilikwenda Dar es Salaam kuchukua mikanda mipya, nikamwona bwana wa picha. Amezeeka, nywele zimekuwa kama pamba. Nilipokutaja alifurahi kweli, akasema hajapata mtoto mwingine anayeweza kunyamaza kama wewe. Kisha akaniuliza umri wako. Nikamwambia. Akanionyesha picha ya msichana mdogo wa Bagamoyo ambaye ndiye wanayemtumia sasa. Ana macho makubwa. Mwatima, hukukosea kitu. Umekua tu. Wao wanataka mtoto abaki mtoto, na hilo wewe hukuliweza.

Nina haja moja. Kuna rafiki yangu hapa ana mtoto mchanga wa kike, tumbo humjaa usiku, analia na kukunja miguu. Mama yake ni mgeni wa mambo hayo, na yeye rafiki yangu hajui kitu. Waulize wanawake wa huko wanafanya nini. Ana nywele nyingi mno, huyo mtoto. Akilala anakunja ngumi kama anayedai haki yake.

Kaka yako,
Shaame


Wete
25 Februari 1959

Kaka Shaame,

Usishangae kuona Wete juu ya karatasi. Nipo hapa kwa Bi Moza, mkunga wa kliniki ya wazazi. Mama hajambo, ndiye aliyenileta mwenyewe, na goti lake na yote.

Kwanza mtoto wa rafiki yako. Bi Moza anasema mama yake amlaze kifudifudi juu ya mapaja, amsugue mgongo taratibu kwa mafuta ya nazi ya vuguvugu, na kila akishanyonya ainuliwe begani mpaka acheue. Asipewe maji ya majani ya mtu yeyote. Akipata homa wasisubiri, wampeleke spitali mara moja. Je, hajambo sasa?

Habari za Abrahman usiniulize. Nitakueleza mara moja, kisha tuyaache. Mama yake alikwenda Chake Chake kwenye shughuli ya jamaa zake, akaikuta sinema imetundikwa uwanjani Gombani. Akasimama kutazama kama watu wengine. Akaniona nikifa. Kifo chenyewe hakikumtisha, kilichomtisha ni ile bafta ya sanda. Wiki ile ile akamleta mshenga kusema kwamba nyumbani kwake haingii mtu aliyekwisha vikwa sanda, maana aliyeivaa mara moja anaita ya pili. Mama alimjibu mshenga neno nisiloweza kuliandika. Abrahman alinitumia salamu. Salamu tu.

Basi Mama akanitia buibui, akanileta kwa Bi Moza, akamwambia, "Mfundishe kazi ambayo watu wataihitaji hata kama hawamtaki."

Kazi yenyewe bado ni kuchemsha maji. Ndiyo, cheka. Nachemsha maji tangu alfajiri, masufuria kwa masufuria. Wanawake wengine wakiniona wanashika matumbo yao na kugeukia ukutani. Bi Moza ananiambia nivumilie. Jioni nakwenda kukaa nyuma ya kliniki, mvuke bado uko kwenye nywele zangu, na naona kama ningali ndani ya ile picha, hawajaniambia imekwisha.

Mwatima


Korogwe
30 Julai 1959

Mdogo wangu Mwatima,

Samahani kwa kimya. Barua yako ilinifikia Aprili.

Nimekasirika kwa ajili yako mpaka nikaogopa kuandika. Huyo mama ni mjinga, na huyo mwanawe hana mgongo. Nimeyasema, tumeyaacha.

Mpe Bi Moza shukrani. Rafiki yangu yule hahitaji tena dawa.

Nataka kukwambia jambo nililofanya. Mwezi wa Mei tulikuwa milimani upande wa Lushoto. Baridi ya kule inafanya mwanga wa mashine uonekane mnene, kama ukiutia mkono utapata maziwa. Nilikuwa nasimulia kama kawaida. Tatu anakimbia, Tatu anakunywa, Tatu amelala kitandani. Ilipokaribia sanda niliona mkono wangu umekwisha kwenda wenyewe. Nikaweka kiganja mbele ya taa. Kitambaa kikawa cheusi, ukabaki mwanga kidogo kati ya vidole. Nikasema kwenye kipaza sauti: "Mama yake Tatu alikuwa akiota. Alipoamka, akachemsha maji, akampa mwanawe. Mtoto akapona." Kisha nikaurudisha mkanda mwanzo, nikawaonyesha tena ulivyokuwa ukikimbia.

Mwatima, walipiga makofi mpaka mbwa wakabweka. Wazee walisimama. Nami nikakaa gizani nyuma ya mashine nikikutazama unakimbia, vipepeo vya usiku vinakupita usoni, nikatamani mkanda usiishe.

Nilifanya hivyo kila kijiji, safari nzima. Mwisho mkubwa wetu alikuja kukagua. Akaniita pembeni, akaniuliza, "Nani kakupa ruhusa ya kumponyesha?" Nikamkabidhi kipaza sauti.

Sasa sipo tena kwenye gari la sinema. Natengeneza matrekta kwenye shamba la mkonge. Ni kazi nzuri, haina maneno.

Msalimie Mama. Idi ijayo sitaweza kuja.

Shaame


Wete
3 Aprili 1960

Kaka yangu,

Hapa tumefunga na kufungua, Idi imepita, na sahani yako Mama aliiweka kama kawaida. Mjomba Mjaka ameanguka na baiskeli, hakuumia, ila ameiuza. Nyumbani Ole karafuu zimetoka kwa wingi mno, uani hapana pa kukanyaga, na Mama anakuja Wete kuniona akinukia makonyo ya karafuu.

Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nangoja nipate kitu kizuri cha kukuandikia. Nimekipata.

Wiki iliyopita Bi Moza alikwenda Chake Chake. Akaletwa mwanamke mmoja, Masika, kutoka Mtambwe, mimba yake ya kwanza, uchungu umeshamchosha. Mama yake mzazi yuko naye. Aliponiona tu akatanua mikono mlangoni.

"Huyu asimguse mwanangu. Mie nimemwona kwa macho yangu akivikwa bafta."

Nikamwambia, "Kweli, bi mkubwa. Nilivikwa, kisha nikavuliwa, nikaenda nyumbani nikala muhogo na papa. Nishike mkono."

Nikampa mkono wangu. Aliushika muda mrefu, akaubinya kama mtu anayechagua papai sokoni. Ndani Masika akapiga ukelele. Yule mama akanitazama usoni, akasema, "Una joto." Akanipisha.

Masika alikuwa anapigana na mwili wake, anavuta pumzi juu juu, macho yamemtoka. Hapo nikakumbuka kitu nilichokuwa sijapata kukifikiria. Siku ile ya sanda kitambaa kilikuwa kikitikisika kila nikipumua. Bwana wa picha hakunigombeza. Alipiga magoti kando yangu, akanifundisha kuvuta pumzi kidogo kidogo kwa pua na kuishusha chini kabisa tumboni, huku naimba kimoyomoyo wimbo ninaoupenda. Nikamwambia Masika, "Tazama uso wangu. Usitazame kitu kingine. Vuta kidogo, shusha chini. Una wimbo gani?" Akanitajia wimbo wa kubembelezea mtoto. Tukauimba wote wawili bila sauti, midomo tu, uso kwa uso. Kaka, chumba kikawa kimya kama zile siku. Nikawa nasikia tone la maji likianguka kwenye beseni.

Akazaa mtoto wa kiume, mnene. Yule mama aliyekuwa akinizuia mlangoni akanipigia kelele, "Tatu! Lete maji, Tatu!" Na jina lile halikuniuma hata kidogo.

Bi Moza aliporudi aliyasikia yote. Jana ameniambia ameniandikia nafasi ya kwenda kusomea ukunga Unguja.

Kaka, barua yako nimeisoma mara nyingi. Uliwaambia watu mtoto amepona. Umekuwa ukinitazama nikifa miaka yote hiyo na hukuweka mkono. Kwa nini mwezi ule? Na huyo rafiki yako mwenye mtoto wa nywele nyingi, hukuniambia jina lake. Sikulazimishi.

Mwatima


Korogwe
9 Oktoba 1961

Mwatima,

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Kisha nikasikia habari za uchaguzi huko kwenu na watu kuuana Juni, nikatuma simu ya maandishi, na nilipojibiwa kwamba nyote mko hai niliona haya kwa kimya changu. Nimesikia pia umemaliza masomo Unguja na umerudi Wete na gauni jeupe. Mungu akubariki.

Hakuna rafiki.

Nilioa hapa Korogwe mwaka ule wa hamsini na saba. Mke wangu anaitwa Mwanawema, binti wa fundi cherehani jirani na stesheni, na ni yeye aliyekuwa akinipikia wali na maharage ya nazi. Sikumwandikia Mama kwa sababu ya binti wa shangazi. Nilijua ataniuliza ukoo gani, na mimi kwenye karatasi si hodari wa kumbembeleza. Kisha tukapata mtoto. Hapo nikapanga jambo langu. Nilisema nitakuja nao wote wawili Idi, bila taarifa. Nitaingia uani, nitamkuta Mama amekaa, nitamwekea mtoto mapajani bila kusema neno. Nikajua akishamshika atasahau kugomba. Nililiota hilo hata nikiwa njiani na gari, kucha kutwa.

Mtoto alipata homa Aprili, mimi nikiwa safarini. Mwanawema alimpeleka spitali kama ulivyotuandikia. Walifanya walivyoweza. Niliporudi nilikuta wamekwisha mzika, na barua yako ya mafuta ya nazi iko mezani.

Sasa ningekuandikieni nini? Kwamba nilikuwa na mke msiyemjua na mtoto msiyemjua, naye hayupo? Nikapanda gari kwenda Lushoto. Jioni ya kwanza nikasimama na kipaza sauti. Unajua lililofuata.

Nakuandikia leo kwa kuwa Mwanawema ana mimba tena. Anatarajia kabla ya Idi. Hali chakula, hazungumzi, usiku anakaa na kushika tumbo kama mtu aliyebeba kitu cha kuazima. Mimi ni fundi wa matrekta. Niambie nifanye nini.

Shaame


Wete
12 Novemba 1961

Kaka yangu mpenzi,

Salamu zangu zikufikie wewe, na zimfikie wifi yangu Mwanawema, ambaye leo ndiyo mara ya kwanza naandika jina lake.

Nilikwenda mwenyewe Ole na barua yako. Sikutaka isomwe na mtu mwingine. Mama alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, nami nikamsomea yote. Kwenye habari ya mke aliendelea kukuna, tena kwa nguvu. Nilipofika pale pa kumwekea mtoto mapajani mkono ukasimama. Nikasoma mpaka mwisho. Akaiweka ile nazi chini, akaniuliza, "Jina lake nani?"

Nikasema, "Mwanawema."

"Huyo nimemsikia. Mtoto. Mjukuu wangu jina lake nani?"

Nikageuza karatasi, nikatazama nyuma. Kaka, hukuliandika.

Ijumaa tukafanya hitma. Mama alipika mwenyewe, akawaita majirani, hata wale ambao tangu uchaguzi walikuwa hawatusalimii, nao walikuja. Shehe alipotaka kuomba dua akauliza jina la marehemu. Sote tukanyamaza. Ukimya mrefu kama ule sijapata kuusikia, hata mbele ya bwana wa picha. Mwisho shehe akasema, "Mtoto wa Shaame," akaendelea.

Tangu siku hiyo Mama anazunguka uani kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Mwanawema ale supu ya samaki na mchicha, kidogo kidogo, mara nyingi. Asilazimishwe kufurahi. Umwache aogope, lakini usimwache peke yake. Apimwe spitali kila mwezi. Wewe kaa naye ukirudi kazini, mwimbie, hata kama sauti yako ni ile ile.

Na uniletee jina.

Mwatima


Korogwe
20 Disemba 1961

Mwatima,

Nimefanya ulivyosema. Amekunywa supu. Jana alicheka nilipoimba.

Mtoto alikuwa anaitwa Mwanapili. Mwambie Mama alikuwa somo yake. Tulimpa jina hilo siku ya saba, na Mwanawema ndiye aliyelitaka, ingawa hajapata kumwona Mama. Alikuwa na vidole vya miguu vya Mama, kile cha pili kimekipita cha kwanza. Alikuwa keshaanza kukaa. Ukimwita jina lake lote alikuwa akigeuka.

Sikuliandika kwa sababu ndilo jina la Mama, na sikuweza kuliandika kwenye mstari mmoja na mauti.

Shaame


Wete
8 Januari 1962

Kaka Shaame,

Sina nafasi ya salamu ndefu, nitakupa kwa mdomo. Bi Moza amenipa ruhusa. Nimepata nafasi kwenye chombo cha Tanga, na kutoka hapo nitapanda gari la moshi mpaka kwenu. Nitakuwa Korogwe kabla ya Ramadhani, na nitakaa mpaka mtoto azaliwe. Mwambie Mwanawema kwamba anayekuja ni mkunga mwenye cheti, na asiogope watu wakimwambia wamekwisha niona.

Haya ndiyo yaliyotokea Ole. Nilimsomea Mama jina. Hakulia. Alilitamka mwenyewe, taratibu, mara mbili, Mwanapili, Mwanapili, kama mtu anayeita uani wakati wa magharibi. Kisha akanyanyuka kwa goti lake lile, akaingia ndani, nikasikia anafungua kasha. Nilipomfuata nilimkuta amekwisha toa kanga zake, ameweka chupa ya mafuta ya nazi na kifurushi cha karafuu, na anatafuta viatu.

Nikamwambia, "Mama, bahari ya Januari ina mawimbi, na wewe hujapata kupanda chombo."

"Sikukuuliza habari za bahari," akasema.

Nikamwambia basi angalau angoje mtoto azaliwe kwanza, nitamwandikia.

Hapo akanigeukia. Sijapata kumwona Mama na uso ule, hata siku ya mshenga.

"Mmeniandikia vya kutosha," akasema. "Mwambie kaka yako tunakuja wawili. Na huyo mtoto wasimpe jina mpaka nimshike."

Mwatima